4Runner au Wrangler kwa barabara za udongo za Vermont

Ndugu, kati ya Toyota 4Runner na Jeep Wrangler za 2015 unazolinganisha, chukua 4Runner, tena toleo la Limited. Fo-wili yake (injini kusukuma magurudumu yote manne) ni ya kudumu na ina difu ya kati, inayoruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, hivyo lami yenye barafu hapa na ukavu pale haiisumbui. 4Runner ya toleo la SR5 na Wrangler hiyo fo-wili yao ni ya kuingiza mwenyewe inapohitajika: ukiisahau kwenye lami kavu, ekseli zinavutana kwenye kona na kuumiza transfa, gia inayogawa nguvu mbele na nyuma. Wrangler inashinda kwenye mawe tu. Bushi na bolijointi zake za mbele (mipira na viungo vinavyoshika ekseli na magurudumu) zikichakaa, usukani hutikisika vibaya ukikimbia.

Limited huja na rimu za inchi 20. Weka za 17 upate tairi nene, na matairi yote manne yawe ya baridi, yenye alama ya mlima na chembe ya theluji.

Lakini adui mkubwa kule Vermont, Marekani, ni chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, maana huleta kutu. Kabla ya kulipa ingia uvunguni, gonga chasisi kwa nyundo, hasa karibu na ekseli ya nyuma. Magamba ya kutu yakidondoka, achana na gari hilo hata bei ikiwa nzuri namna gani. Rangi mpya nyeusi chini ya gari kuukuu nayo itilie shaka, huenda inaficha kutu.