Shangazi, marejesho yananimaliza

"Shangazi, shikamoo. Nina miezi minane tangu niajiriwe kama afisa mikopo hapa Mwanza. Nilirithi wateja wa mwenzangu aliyeacha kazi, na sasa mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30 imefika asilimia 15. Kila asubuhi meneja ananisema mbele ya wenzangu na kutishia kunikata mshahara. Jumapili jioni tumbo linaanza kuuma. Mwezi uliopita nililipia wateja wawili kwa hela yangu. Niache kazi? – Binti wa Igoma"

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Kazi usiiache wiki hii. Cha kuacha leo ni kumlipia mteja. Hela yako inaficha deni mwezi mmoja tu. Ujao anadaiwa tena, naye keshajua kuna wa kumlipia. Na mkaguzi akikuta namba yako ndiyo iliyotuma malipo, utahisiwa wizi bila kuiba. Marejesho ya pesa taslimu nayo usiyapokee mkononi kabisa.

Sasa hiyo asilimia 15. Inahesabu salio lote lililobaki, si rejesho lililokosekana tu. Mwenye salio la 1,200,000 akichelewesha 150,000 mpaka siku ya 31, milioni na laki mbili yote inaingia kwenye mikopo mibaya. Hapo ndipo maafisa wapya wanapoumia: wanashinda juani Buhongwa wakimsaka aliyehama miezi sita iliyopita, huku watano wa siku ya 20 wakivuka mstari. Kila asubuhi panga orodha kwa siku za kuchelewa. Anza na wa siku ya 15 hadi 29, ndio wanaookoleka, kisha wale wa chini ya hapo. Sugu watengee nusu siku moja kwa wiki, uende na mdhamini. Ambao siku yao haijafika, wapigie siku mbili kabla.

Kama una wateja wa dagaa pale soko la Mwaloni, hao wanataka hesabu yao. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mbalamwezi ikiwaka, kambi zinapumzika na mzigo unakuwa haba. Rejesho likiangukia siku hizo, hata mwaminifu atachelewa. Na kwa kuwa mwezi wa angani una siku 29 na nusu, tarehe iliyokuwa nzuri mkopo ulipoanza itakuwa imesogea kama siku 11 mwaka ukiisha. Kwa hiyo mkopo mpya upangie tarehe ukiwa na kalenda ya mwezi mezani, na aliye na mkopo tayari mhimize aweke kidogo kidogo giza likiwa bado lipo. Msimu wa mvua punguza kiasi unachompendekezea, maana dagaa wasipokauka vizuri huishia kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku.

Kisha muombe meneja dakika 20, ninyi wawili tu, nje ya kikao cha asubuhi. Nenda na karatasi moja yenye mafungu mawili. Tuseme una mikopo ya milioni 120, mibaya milioni 18. Ukikuta uliyotoa wewe ni milioni 50 na mibaya milioni 2, hiyo ni asilimia 4. Uliyorithi ni milioni 70, mibaya 16: karibu asilimia 23. Omba kila fungu lipimwe peke yake. Akigoma, mwandikie barua pepe ya kistaarabu yenye namba hizohizo.

Kuhusu mshahara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu ukatwe kwa sababu tu mteja hajalipa. Lazima hasara itokane na kosa lako, uelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, upewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Usisaini karatasi ya kukubali kukatwa kwa sababu umefokewa.

Jumapili zima simu ya wateja. Tumbo likiendelea hivyo, nenda hospitali, usilizoee.

Jipe miezi mitatu ya ratiba hii. Lakini ukiambiwa usaini kwamba umekagua biashara ambayo hujafika, au umpe mtu mkopo mpya ili kuficha wa zamani, usingoje hiyo mitatu. Unayelipwa kwa mwezi unatoa notisi ya siku 28 kwa maandishi. Fanya makabidhiano ya mteja mmoja mmoja na salio lake, msaini wewe na anayepokea, na nakala moja ibaki kwako.