Picha za faragha, TikTok ya mtoto na admin anayeogopa jela: majibu ya maswali yenu

Haya jamani, inboksi imejaa. Wengi mmeuliza mambo ya usalama mtandaoni na hizi sheria zake, naanza na la huyu dada maana yeye hana muda wa kusubiri.

Mpenzi wangu wa zamani ana picha zangu za faragha, anataka laki tatu la sivyo anazirusha kwenye magrupu. Nimpe yaishe? (Binti, Mwanza)

Usitoe hata mia. Ukitoa laki tatu leo ameshajua unatoa, wiki ijayo atataka tano na picha bado anazo. Halafu najua mkono unawasha kumblok na kufuta chat yote, subiri kwanza. Piga skrinshoti kila kitu, hasa pale anapotaja hela, na ionekane namba yake siyo lile jina ulilomsevu, kwahiyo fungua wasifu wake namba itokee, tarehe nazo zionekane. Kama ametuma namba ya kupokelea hela ndo kabisa, maana ile laini imesajiliwa kwa alama za vidole vya mtu. Hizo skrinshoti zitume kwa mtu mmoja unayemwamini zisibaki kwenye simu yako tu. Ukimaliza hapo, mblok.

Kuna huduma ya bure inaitwa StopNCII. Unaingia kwenye tovuti yao unachagua zile picha, inatengeneza namba ya utambulisho ya kila picha humohumo kwenye simu yako, yani picha yenyewe haiendi popote, inayoenda ni ile namba, na kampuni zilizojiunga kama Facebook, Instagram na TikTok zinaitumia kuizuia mtu akijaribu kuipandisha. Ndani ya magrupu ya WhatsApp haioni, hilo nikwambie ukweli. Kama kwenye hizo picha ulikuwa chini ya miaka 18 tumia nyingine inaitwa Take It Down, inafanya kazi vilevile.

Na polisi nenda, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 kifungu cha 23 inasema kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha au kumuumiza kihisia ni kosa, faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3 au vyote. Naelewa unachoogopa, kwamba utafika pale kaunta uanze kuulizwa ulipiga picha za nini. Wapo wanaouliza hivyo, siwezi kukudanganya. Usiende peke yako, nenda na dada au shangazi mwenye mdomo, au pitia kwanza TAWLA, kile chama cha wanasheria wanawake, au LHRC, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wanatoa msaada wa kisheria bure.

Binti yangu ana miaka 12 analilia TikTok eti wenzake wote wanayo. Nasikia Australia wamepiga marufuku, sisi tunasubiri nini? (Mama wawili, Tabata)

Mama wawili, Australia kweli wamefanya, tangu tarehe 10 Desemba 2025 chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti TikTok, Instagram, Snapchat, YouTube na nyinginezo. Kilichonifurahisha siyo umri, ni nani anabebeshwa mzigo. Mtoto akikutwa na akaunti hapigwi faini, mzazi hapigwi faini, inayopigwa ni kampuni, mpaka dola milioni 49.5 za Australia kama haikuchukua hatua za maana kuwazuia. Huku kwetu kila kitu kikiharibika tunasema wazazi wa siku hizi hawalei.

Ila tukiichukua sheria yao kama ilivyo tukaibandika hapa itakwama mapema sana. Mtoto wa hapa mara nyingi hana simu yake, anatumia ya mama. Laini imesajiliwa kwa NIDA ya mama, akaunti ina tarehe ya kuzaliwa ya mama, TikTok inamwona mtu wa miaka 38 anayependa sana katuni na video za kusuka nywele za wanasesere. Utamkamata vipi huyo kwa kuangalia umri? Hata ile miaka 13 mnayoiona kwenye masharti yao haikutoka kwa daktari wa watoto, ilitokana na sheria ya Marekani ya 1998 iliyohusu ukusanyaji wa taarifa za watoto chini ya umri huo.

Kwahiyo kwa sasa, miaka 12 mwambie bado. Akifika 13 mfungulie akaunti yake mwenyewe yenye umri wake wa kweli, usimpe ya kwako, maana akaunti ya mtoto wa miaka 13 mpaka 15 pale TikTok inakuwa ya faragha tangu mwanzo na haina meseji za inboksi. Ya kwako wewe haina ulinzi wowote ule. Halafu ziunganishe simu kwa ile sehemu ya Family Pairing, unapanga muda na unaona mipangilio yake. Atanuna, ni kawaida. Akikutana na jambo linalomtisha na hataki kukuambia wewe, mfundishe namba 116, ni ya watoto na ni bure.

Mimi ni admin wa grupu la ukoo, watu 140. Mjomba anarusha habari za uongo kila asubuhi. Nitafungwa mimi? (Admin, Tanga)

Kifungu cha 16 cha ile ile Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamlenga anayechapisha huku anajua ni uongo na ana nia ya kupotosha au kuumiza. Kwa hiyo wa kwanza kuwa na wasiwasi ni mjomba, siyo wewe. Lakini usijifanye hujaona, admin ana uwezo wa kufuta meseji ya mwanachama yeyote kwa watu wote, bonyeza ile meseji mpaka ikubali, futa. Ukiona imezidi, weka maadmin tu ndo waandike kwa siku mbili tatu. Mjomba mpigie simu, usimsahihishe mbele ya watu 140, wakubwa hawasahihishwi hivyo, atazidisha.

Tuseme ukweli, hizi sheria za usalama mtandaoni si za kutuziba midomo tu? (Kijana, Mbeya)

Nyingine ndiyo, na hatuhitaji kupepesa macho. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 hapa kwetu zilimtaka mwenye blogu akate leseni, na ukijumlisha ada zilizidi milioni 2, sasa niambie pale analindwa nani, yule binti wa Mwanza? Uganda 2018 waliweka kodi ya shilingi 200 zao kwa siku kuingia Facebook na WhatsApp, sababu mojawapo iliyotajwa ikiwa umbea. Umbea ukaendelea kupitia VPN, zile programu za kuficha unapotokea. Januari 2023 Mahakama ya Katiba kulekule ikafuta kifungu cha 25 cha sheria yao ya makosa ya kompyuta kwa sababu hakieleweki kinakataza nini hasa. Kenya nao, Rais Ruto kasaini marekebisho ya sheria yao Oktoba 2025, ndani ya siku chache Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda sehemu za kifungu cha 27 cha unyanyasaji wa mtandaoni, chenye faini mpaka shilingi milioni 20 za Kenya au jela mpaka miaka 10.

Mimi nina kipimo kimoja cha kuijua sheria ya aina hii, naangalia anayeogopa ni nani. Kama anayeogopa ni mtu aliyeandika komenti, nashtuka. Kama anayeogopa ni kampuni, nakaa naisoma. Ulaya sheria yao ya huduma za kidijitali inaweza kuipiga kampuni faini mpaka asilimia 6 ya mapato yake ya mwaka ya dunia nzima, na inaitaka ichunguze yenyewe mtambo wake unaleta hatari gani, haianzii kwa nani kaandika nini. Sisi tunaripoti posti ya matusi ya Kiswahili inarudi meseji ya kwamba haijakiuka taratibu, ukijiuliza kama kuna binadamu aliyeisoma na anajua Kiswahili hupati jibu. Mwaka 2022 Daniel Motaung, aliyekuwa anachuja maudhui ya Facebook pale Nairobi chini ya kampuni ya Sama, aliwashtaki Sama na Meta kwa hali ya kazi ile, kutazama ukatili siku nzima kwa mshahara mdogo. Sheria nzuri ingeuliza hayo. Wangapi wanachuja Kiswahili, wanalipwaje, na ripoti yangu inajibiwa ndani ya saa ngapi.

Shule inaposti picha za mtoto wangu bila kuniuliza, naweza kufanya nini? (Baba, Mombasa)

Kwenu mna njia tayari. 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliipiga shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa jambo hilohilo, picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Waandikie shule barua kwanza, ubaki na nakala, wakikaidi peleka lalamiko kwa huyo Kamishna. Wa Tanzania sheria yetu ya taarifa binafsi imeanza kazi Mei 2023 na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo.

Naingia TikTok saa tatu usiku nikija kushtuka ni saa tisa. Niko mvivu au? (Mwanachuo, Dodoma)

Hauko mvivu, ile kitu imetengenezwa isiwe na mwisho. ByteDance, wenye TikTok, kule kwao China wana ndugu yake inaitwa Douyin, na tangu 2021 mtoto chini ya miaka 14 anapata dakika 40 kwa siku, saa nne usiku inafunga mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Yani wanaweza. Wewe kwenye hiyo TikTok yako ukiweka kikomo cha dakika 60 inakuomba namba ya siri ya kuendelea, namba ambayo unaijua mwenyewe, sasa hapo si mchezo?  Simu ichajiwe mbali na kitanda, nunua saa ya mezani ya kukuamsha.

Nikuongezee moja. 2024 TikTok walileta Ufaransa na Hispania toleo la TikTok Lite linalokupa pointi kwa kuangalia video, Tume ya Ulaya ikafungua uchunguzi Aprili, kufika Agosti wamekubali kuuondoa mpango huo wa pointi Ulaya yote. Hakuna mtumiaji hata mmoja aliyeshtakiwa.

Meseji za "ile hela itume kwenye namba hii" haziishi. (Wengi)

Iforwadi kwenda 15040, watakuuliza namba iliyokutumia, iandike. Halafu piga *106# uangalie laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, ukikuta usiyoijua nenda ofisi za mtandao huo wakaifute.