Coastal Union na Kombe la Shirikisho: Majibu kwa Wasomaji wa Tanga

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Tanga mjini na Pangani, na karibu zote zinarudi kwenye jambo moja: msimu wa 2021/22 wa Kombe la Shirikisho la Tanzania, ambao klabu ya soka ya Tanga, Coastal Union, ilifika fainali. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu hoja yake inastahili kufafanuliwa hatua kwa hatua.

*Assalaam alaikum, Mhariri. Mimi ni mkazi wa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili. Barazani kwetu kuna ubishi usiokwisha. Mwaka 2020 Namungo ilifungwa na Simba katika fainali ya Kombe la Shirikisho, lakini ikapewa nafasi ya kucheza Afrika. Mwaka 2022 Coastal Union ilifika fainali hiyo hiyo, ikatoka sare na Yanga mpaka penalti zikaamua, lakini tukabaki nyumbani na Geita Gold ndiyo iliyokwenda. Wenzangu wanasema Tanga ilidhulumiwa. Wewe unasemaje?*

Waalaikum salaam, ndugu yangu. Naelewa uchungu wa baraza lenu, kwa kuwa nami niliutazama mchezo ule katika kibanda umiza kilichojaa mpaka mlangoni, na watu walipotoka hakuna aliyemsemesha mwenzake. Hata hivyo, baada ya kuupima mfululizo wa misimu yote tangu mashindano haya yalipofufuliwa mwaka 2015, naamini kwamba Coastal haikudhulumiwa. Kilichotokea ni kwamba idadi ya nafasi za Tanzania katika mashindano ya Afrika ilibadilika, na ilipobadilika, njia ya kuzigawa nayo ikabadilika.

Kwanza tutenganishe majina, maana ubishi mwingi wa barazani huanzia hapo. Yapo mashindano mawili yanayoitwa Kombe la Shirikisho. Moja ni la ndani, linaloandaliwa na Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, ambalo kwa miaka mingi lilibeba jina la Azam na tangu msimu wa 2023/24 linabeba jina la benki ya CRDB. La pili ni Kombe la Shirikisho Afrika, linaloandaliwa na Shirikisho la Soka Afrika, CAF, ambalo ni la pili kwa hadhi baada ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Bingwa wa kombe la ndani hupata tiketi ya kucheza lile la Afrika, na kwa njia hiyo Mtibwa Sugar, iliyoifunga Singida United mabao 3-2 katika fainali ya mwaka 2018 jijini Arusha, iliingia katika mashindano ya CAF bila ya kuwa bingwa wa ligi.

Tatizo hujitokeza pale bingwa wa kombe anapokuwa tayari ana tiketi ya Ligi ya Mabingwa kupitia msimamo wa ligi. Timu moja haiwezi kucheza mashindano mawili ya Afrika kwa wakati mmoja, kwa hiyo tiketi ya kombe hubaki bila mwenyewe na lazima ipewe mwingine. Swali la baraza lenu ni hilo hasa: apewe nani?

Mwaka 2020 Tanzania ilikuwa na nafasi mbili tu, moja ya Ligi ya Mabingwa na moja ya Kombe la Shirikisho Afrika. Simba ilitwaa ligi, kisha ikatwaa kombe kwa kuifunga Namungo mabao 2-1 katika Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga. Tiketi ya kombe ikashuka kwa mshindi wa pili wa kombe, yaani Namungo ya Ruangwa, ingawa katika ligi ilikuwa ya nne nyuma ya Simba, Yanga na Azam. Namungo iliitumia vizuri, maana ilifika hatua ya makundi.

Msimu uliofuata Tanzania ilirudi kwenye nafasi nne, kama ilivyokuwa imewahi kupata mwaka 2019. Nafasi hizo hutolewa na CAF kwa nchi ambazo klabu zake zimefanya vizuri Afrika katika miaka ya karibuni. Zinapokuwa nne, bingwa wa ligi na mshindi wa pili wa ligi huenda Ligi ya Mabingwa, na bingwa wa kombe pamoja na timu nyingine ya juu kwenye msimamo huenda Kombe la Shirikisho Afrika. Bingwa wa kombe akiwa tayari amejipatia tiketi kwa njia ya ligi, msimamo wa ligi ndio unaoendelea kushuka mpaka timu ya nne. Mwaka 2019 Azam ilitwaa kombe kwa kuifunga Lipuli bao 1-0 kule Lindi, na kwa kuwa Azam ilikuwa ya tatu katika ligi, nafasi nyingine ilikwenda kwa KMC iliyomaliza ya nne, huku Lipuli iliyocheza fainali ikibaki Iringa. Mwaka 2021 Simba ilitwaa vyote viwili, na nafasi ikaenda kwa Biashara United ya Mara, iliyokuwa ya nne. Mwaka 2022 Yanga ilitwaa ligi bila ya kupoteza mchezo hata mmoja, ikatwaa na kombe. Simba ikawa ya pili, Azam ya tatu, na Geita Gold, iliyokuwa na mfungaji bora wa ligi George Mpole mwenye mabao 17, ikawa ya nne. Kwa hiyo Geita haikuichukua nafasi ya Coastal. Iliichukua nafasi yake yenyewe, aliyoitolea jasho kwa michezo 30.

Lililo kubwa zaidi, na ambalo ningependa ulifikishe barazani, ni la mwaka 2024. Msimu huo Coastal Union, chini ya kocha David Ouma kutoka Kenya na ikiwa na golikipa Ley Matampi aliyetangazwa golikipa bora wa ligi, ilimaliza ya nne nyuma ya Yanga, Azam na Simba. Fainali ya kombe ilizikutanisha Yanga na Azam, timu mbili ambazo zote zilikuwa tayari na tiketi za Ligi ya Mabingwa. Wakati Yanga inashangilia ushindi wa penalti kule Zanzibar, tiketi ya kombe ilikuwa inashuka kwenye msimamo wa ligi, ikaipita Simba iliyokuwa na nafasi yake ya tatu, ikatua Tanga. Utaratibu ule ule uliowaumiza mwaka 2022 ndio uliowapeleka Afrika mwaka 2024. Coastal ilitolewa katika hatua ya awali na Bravos do Maquis ya Angola, jambo ambalo liliuma, lakini ilikwenda, na ilikwenda kwa haki.

Maoni yangu binafsi ni kwamba utaratibu wa sasa ni bora. Timu inayofika fainali ya kombe huenda ilicheza michezo michache tu, na droo inaweza kuipa wapinzani wepesi mwaka mmoja na wagumu mwaka mwingine, ilhali timu ya nne katika ligi imekutana na kila mtu, nyumbani na ugenini. Lakini naona pia kwamba TFF na wadhamini wangeweza kumpa mshindi wa pili wa kombe zawadi ya fedha yenye uzito unaolingana na safari aliyoifanya, kwa sababu klabu za mikoani hufika fainali zikiwa zimekwishatumia karibu kila kitu walichonacho, na basi la kutoka Tanga kwenda Arusha kupitia Korogwe, Same na Moshi halijazwi mafuta kwa medali.

*Shikamoo, Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, Pangani. Kaka yangu anasema katika fainali ya mwaka 2022 Coastal ilifungwa mabao 7 kwa 4, kwa kuwa 3-3 na penalti 4-1 zikijumlishwa ndivyo inavyokuwa. Ni kweli?*

Marahaba, mwanangu. Si kweli, na ni vizuri kwamba umeuliza. Mikwaju ya penalti inayopigwa baada ya mchezo kwisha haihesabiwi kuwa mabao ya mchezo. Ni njia ya kumpata wa kuchukua kombe au wa kusonga mbele, na kwa sheria za soka mchezo wenyewe huandikwa kuwa sare. Kwa hiyo tarehe 2 Julai 2022, katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Coastal Union na Yanga zilitoka sare ya mabao 3-3, na Yanga ikatwaa kombe kwa mikwaju 4-1. Penalti inayotolewa ndani ya dakika 90, au ndani ya dakika 30 za nyongeza, ndiyo inayohesabiwa kuwa bao la mpigaji.

Mwambie kaka yako na hili pia, kwa maana ni historia ya mkoa wenu. Mabao yote matatu ya Coastal siku ile yalifungwa na mtu mmoja, Abdul Suleiman, anayejulikana zaidi kwa jina la Sopu. Alifunga la kwanza, Coastal ikaongoza. Feisal Salum akasawazisha, kisha Heritier Makambo akaiweka Yanga mbele, na watu wengi waliokuwa wakitazama wakadhani kwamba mambo yamekwisha. Sopu akasawazisha muda ukiwa unayoyoma, mchezo ukaingia katika dakika za nyongeza, akafunga tena, na kwa muda fulani kombe likawa linaelekea Tanga, mpaka Denis Nkane alipoisawazishia Yanga. Kumfunga mabao matatu katika fainali bingwa wa ligi ambaye hakuwa amepoteza mchezo hata mmoja wa ligi msimu mzima ni kazi ambayo wachezaji wengi wakubwa hawakuifanya, na haishangazi kwamba baada ya hapo Azam ilimsajili. Kocha wake, Juma Mgunda, ambaye mwenyewe aliwahi kuichezea Coastal, aliitwa kuinoa Simba miezi michache baadaye. Hivyo ndivyo kombe linavyozifanyia klabu za mikoani: siku ya fainali nchi nzima inawatazama wachezaji wao, na wiki zinazofuata simu za klabu tajiri zinaanza kulia.

*Ndugu Mhariri, kwa nini fainali ya mwaka 2022 ilichezwa Arusha, halafu ya mwaka 2023 ikaletwa hapa Tanga, Uwanja wa Mkwakwani, wakati Coastal haimo? — Msomaji, Chumbageni.*

Kwa miaka mingi fainali hii imekuwa ikizungushwa mikoani ili wananchi wa kila upande waione, na wenyeji wa uwanja hawalazimiki kuwamo. Ilianzia Dar es Salaam mwaka 2016, ikaenda Dodoma, Arusha, Lindi, Sumbawanga na Kigoma, ikarudi Arusha mwaka 2022, ikafika Tanga mwaka 2023, kisha Zanzibar mwaka 2024 na 2025. Kwa nafsi yangu naupenda utaratibu huu wa kuzungusha. Mtoto wa Sumbawanga au wa Kigoma ambaye hajawahi kufika Dar es Salaam anastahili kuona kombe likiinuliwa kwa macho yake.

*Mhariri, mimi ni mzee wa Makorora. Mjukuu wangu ameniuliza kwa nini watu wa Dar es Salaam husema Mkwakwani ni uwanja wa mawe. Nimjibu nini?*

Mzee wangu, mjibu ukweli, kwa sababu akiusikia kwako utamfaa kuliko akiusikia kwa watu wa kumtania. Msimu wa 2015/16, ambao ulikuwa wa kwanza wa kombe hili baada ya kufufuliwa, Coastal Union ilifika nusu fainali na ikaikaribisha Yanga nyumbani, Aprili 2016. Dakika 90 ziliisha kwa sare ya 1-1. Katika muda wa nyongeza Yanga ikawa mbele kwa 2-1, mawe yakarushwa uwanjani, na mchezo ukavunjika. Yanga ikapewa ushindi, ikaenda fainali na kuifunga Azam 3-1. Msimu huo huo timu zote tatu za Tanga zilizokuwa Ligi Kuu, yaani Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT, zilishuka daraja pamoja, na mkoa uliotoa bingwa wa Tanzania mwaka 1988 ukabaki bila timu hata moja ya Ligi Kuu. Coastal ilirudi msimu wa 2018/19.

Lakini usiishie hapo. Mwambie pia kwamba waliorusha mawe walikuwa wachache kati ya maelfu, na kwamba kila mwenye kuipenda timu yake ana wajibu wa kumshika mkono jirani yake anapoinama kuokota jiwe, hata kama anaamini mwamuzi amekosea. Tena mwambie kwamba tarehe 12 Juni 2023 fainali ya kombe hilo hilo, Yanga na Azam, ililetwa Mkwakwani. Yanga ilikuwa imetoka kupoteza kombe la Afrika mbele ya USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini, na mashabiki wake walikuja na majeraha yao. Kennedy Musonda akafunga bao pekee, mpira ukachezwa mpaka filimbi ya mwisho, na kombe likakabidhiwa pale pale, uwanjani kwenu.