Fomu kwanza, kikao baadaye: kuanzisha tawi la chama kiwandani

Matawi mengi ya vyama vya wafanyakazi hufa kabla ya kuzaliwa, na mara nyingi kinachoyaua ni kundi la WhatsApp. Watu watano wamechukia mshahara kuchelewa, mmoja anafungua kundi, kesho yake lina watu 80, keshokutwa supavaiza anasoma kila kitu. Wiki inayofuata wawili hawamo kwenye ratiba ya shifti na waliobaki wanajitoa kimya kimya. Msifungue kundi. Anzeni na karatasi.

Chukueni karatasi ya daftari la hesabu mchore kiwanda: mashine za kuchanganya, oveni, pakingi, bohari, karakana, usafi. Kila idara iandikiwe idadi ya watu, shifti, na ni akina nani wameajiriwa moja kwa moja, nani deiwaka, nani kaletwa na wakala. Wa wakala muwatenge mapema, kwa sababu mwajiri atadai si wafanyakazi wake na hesabu yenu itaporomoka siku mnayoihitaji. Mameneja wa ngazi ya juu nao hawahesabiwi. Sheria ya Tanzania Bara haiwaruhusu kuwa chama kimoja na ninyi.

Halafu katika kila idara mtafuteni yule ambaye watu humfuata mshahara ukiingia pungufu. Mara nyingi si yule mwenye maneno mengi kantini. Pakingi, kwa mfano, mtazameni mama anayeshika pesa za upatu. Watu kumi na wawili wanamkabidhi jasho lao kila mwezi bila risiti. Akisaini yeye, meza nzima itasaini. Akikataa, msipoteze muda na meza hiyo mpaka mjue kwa nini.

Sasa tafuteni dai moja. Liwe linalowagusa wengi na linaloweza kuthibitishwa kwa kalamu. "Tunanyanyaswa" ni kweli, lakini halihesabiki. Ovataimu inahesabika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Anayeingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni, akipata saa moja ya chakula, amefanya saa 9. Kwa siku sita ni saa 54. Ziada ni saa 9 kila wiki. Akiwa na mshahara wa msingi wa shilingi 234,000, gawanya kwa 195 (ndizo saa 45 zidisha kwa wiki 4.333 za mwezi), unapata 1,200 kwa saa, na 1,800 kwa saa ya ziada. Wiki nne: 64,800. Mwonyesheni kila mtu hesabu yake mwenyewe, kwa mshahara wake, kwenye salari slipu yake. Hapo hata mwoga huomba kalamu. Wa shifti ya usiku waongezewe hesabu ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Viwanda vingi "husahau" hiyo.

Chama cha kujiunga nacho hutegemea kazi: TUICO kwa viwanda na biashara, CHODAWU kwa hoteli na kazi za majumbani, TPAWU kwa mashamba. Wafanyakazi 20 wanaweza kuanzisha chama kipya, ila mtamaliza nguvu kwenye usajili. Wazee watawaambia chama ni mkono wa serikali. Wana sababu: mwaka 1964 vyama viliunganishwa kuwa kimoja, NUTA, kisha ikaja JUWATA (Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania) chini ya chama tawala, CCM. Msibishane nao. Waulizeni tu ovataimu yao iko wapi.

Fomu ya kukubali makato ya ada ni TUF 6, na hapa ndipo kazi huharibika. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye orodha ya mishahara. "Mama Doto" atakatwa jina, si ada. Tarehe iwepo. Mtu aambiwe ada ni kiasi gani kabla hajasaini, la sivyo mwezi wa kwanza wa makato atakuja na kelele kwamba ameibiwa. Zisainiwe nje ya geti, kituo cha daladala au nyumbani, watu watano watano, kila kikundi na mtu wake mmoja. Toeni nakala kabla ya kupeleka kwa mwajiri, na nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa. Fomu isiyo na mhuri, HR akisema hajaiona, imekwisha.

Mpeleke lini? Kiwandani mkiwa 180, wengi, yaani zaidi ya nusu, ni 91. Msipeleke mkiwa 91. Subirini mfike 115 hivi, maana mikataba ya wengine itaisha na wengine watatishwa. Chama chenye wengi kikishatoa notisi ya kutambuliwa kuwa ndicho kitakachojadiliana kwa niaba ya wafanyakazi, mwajiri ana siku 30 za kukutana nacho. Akikaa kimya, suala linakwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wanachama wakizidi 100, wawakilishi ni 15, na angalau watano wawakilishe wanawake kama wapo.

Atafukuzwa mtu, jiandaeni. Kumfukuza mtu kwa uanachama si halali, lakini lalamiko la kuachishwa kazi linatakiwa lifike CMA, kwa fomu CMA F1, ndani ya siku 30. Kinachowaponza watu ni ahadi ya "njoo Jumatatu tuongee". Jumatatu tano zikipita, siku zimekwisha na sasa unaomba kuongezewa muda. Mtu asisaini barua ya kuacha kazi kwa hiari hata akiahidiwa nauli. Na msigome kwa hasira: mgomo halali hupitia usuluhishi, kura na notisi ya saa 48. Kukaa chini ghafla kunampa mwajiri sababu aliyokuwa anaitafuta.

Haya ni ya Bara. Zanzibar wana sheria zao. Kenya fomu yao ya makato ni Fomu S.

Mwezi wa kwanza wa makato, kusanyeni salari slipu mbili tatu kutoka kila idara. Mwajiri anatakiwa apeleke ada kwa chama ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na akichelewa hudaiwa asilimia 5 kwa kila siku. Idara ambayo mstari wa ada hauonekani, anzeni kwa kulinganisha herufi za majina.