Alijenga ukuta wa mtu akiwa mfungwa. Anaweza kudai?

SWALI: Shikamoo mama. Mume wangu ametoka gerezani mwezi wa tatu baada ya kifungo cha miaka 2. Mwaka wa kwanza alilima mpunga kwenye shamba la gereza. Mwaka wa pili yeye na wenzake sita walipakiwa kwenye gari kila asubuhi wakapelekwa kwa mfanyabiashara wa mjini, wakafyatua matofali na kumjengea ukuta, karibu miezi minne. Tofali likamvunja vidole viwili vya mguu. Amerudi na nauli ya basi tu. Ndugu zake wanasema mfungwa hana haki, anyamaze. Ni kweli?
Mama wa watatu, Singida

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Asinyamaze.

Nimekuwa afisa kazi miaka 26, na kila aliyeketi mbele ya meza yangu nilimuuliza kwanza: kazi hiyo ilikuwa ya nani? Kwa mumeo, hapo ndipo mambo yanapogawanyika.

Mpunga ulikuwa wa gereza. Katiba yetu, ibara ya 25, inakataza kazi ya shuruti, lakini kazi ya kutimiza hukumu ya mahakama haihesabiwi humo. Tena mfungwa hana mkataba wa ajira, kwa hiyo kima cha chini cha mshahara hakimfikii. Inaniuma kukuambia hivyo, ila nikikuficha utakwenda kupoteza nauli bure. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka mfungwa alipwe ujira wa haki, sehemu aitume nyumbani na sehemu iwekwe akiba akabidhiwe siku ya kutoka. Hazina nguvu ya sheria, lakini zina haki: msimu mzima mtu analima, na wewe huku unalisha watoto watatu peke yako.

Ukuta ni habari nyingine kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 6, inaruhusu kazi ya mfungwa kwa masharti mawili kwa pamoja: isimamiwe na mamlaka ya umma, na mfungwa asikodishwe wala kuwekwa mikononi mwa mtu binafsi. Sharti hilo limo pia katika Mkataba Na. 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930. Kwa hiyo askari kusimama pale na bunduki hakuhalalishi kitu. Kifungu hichohicho kinasema anayemlazimisha mtu kazi ya shuruti ametenda kosa la jinai. Watakuambia alikubali mwenyewe. Mfungwa akiambiwa “panda gari”, hajaulizwa.

Kuhusu vidole, Kanuni za Mandela zinataka mfungwa aliyeumia kazini afidiwe kama mfanyakazi wa uraiani. Mpeleke hospitali wiki hii, apigwe eksirei, na cheti ukitunze.

Kisha mtafuteni msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwekwa kwa ajili ya watu wasio na uwezo wa kulipa wakili. Awasaidie kuandika malalamiko kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo ina mamlaka ya kuingia magerezani na kuchunguza. Msichelewe, madai huisha muda.

Muulize pia kama alifanyishwa kazi akiwa bado mahabusu, kabla ya hukumu. Kanuni za Mandela zinasema mahabusu halazimishwi kufanya kazi, na akifanya alipwe.

Ukuta bado umesimama, upigeni picha. Katika wale sita mtafuteni hata mmoja aliyekwisha kutoka. Na leo usiku mumeo akusimulie, wewe uandike: tarehe anazozikumbuka, nani alikuja na gari, nani alipokea hela. Akimaliza, aweke sahihi au dole gumba chini ya kila ukurasa.