Rangi zikichelewa: kwa wanaoanza kuandika mchezo wa ndege wa Commodore 64, kompyuta ya miaka ya 1980

Kila anayeanza hukwama palepale. Ndege inaruka vizuri, maadui wanakuja, lakini mandhari ikisogea, kila baada ya pikseli nane rangi zinapepesa, naye anaanza kuilaumu chipu. Vijana, VIC-II, chipu inayochora picha, haina kosa. Kosa ni muda.

1. Biti tatu za chini za $D016, rejista ya VIC-II (alama ya $ ni namba ya heksadesimali), husogeza skrini pikseli moja moja: 7 kushuka hadi 0 ndege ikielekea kulia. Zima biti ya 3 ubaki na safu (wima) 38, la sivyo herufi zitachomoza ghafla ukingoni.

2. Ikishafika 0, fremu (picha) inayofuata unarudi 7, na papo hapo herufi zote zinahamia kushoto safu moja. Herufi hazisumbui. Weka skrini mbili, kwa mfano $0400 na $0C00. Jaza iliyofichwa kidogo kidogo huku nyingine ikionekana, kisha badilisha inayoonekana kwa rejista ya $D018. Balaa ni rangi. Zinakaa kwenye kumbukumbu ya $D800 tu, hakuna nakala ya pili ya kubadilishana nayo, hivyo lazima zihame kwa mkupuo.

Piga hesabu kabla ya kuandika. Safu 39 kwa mistari 25 ya herufi ni baiti 975. LDA na STA (amri za kusoma na kuandika baiti) zilizopangwa mfululizo bila kitanzi zinakula mizunguko 8 ya prosesa kwa baiti: 7,800. Mwale unaochora picha ukishatoka chini ya skrini, mstari wa rasta (mstari mmoja wa pikseli) wa 251, una mistari 112 tu hadi urudi juu kwenye 51. Kwenye PAL, mfumo wa TV wa Ulaya, hiyo ni mizunguko 7,056. Haitoshi! Ukiandika kwa kitanzi ndiyo mbaya zaidi.

Kwa hiyo gawanya. Mwale ukipita mstari wa rasta wa 150, hamisha rangi za mistari 12 ya juu ya herufi, maana imeshachorwa. Ukipita 251, hamisha 13 iliyobaki: mizunguko 4,056, inaenea bila shida. Usisahau safu mpya ya kulia. Na kama mandhari inaruhusu, upe kila mstari rangi moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapo hakuna cha kuhamisha kabisa, na mizunguko yote hiyo inabaki kwa maadui.

3. Biti ya tisa ya namba ya mstari wa rasta iko $D011. Ukiiandika ovyo, katizo (interrupt, linaloita msimbo wako mwale ukifika mstari uliouchagua) litatokea pasipo pake, au lisitokee kabisa.

4. Kiri katizo kwenye $D019 (yaani ijulishe chipu kwamba umelipokea), kila mara. Mashine "iliyoganda" mara nyingi ni hili tu.

5. Spraiti (picha inayojitegemea, kama ndege yako) ikipita X 255 inaibukia kushoto: $D010 hiyo, yenye biti ya tisa ya X.

6. $D01E, inayoonyesha spraiti zilizogongana, hujifuta ikisomwa. Isome mara moja kwa fremu, uhifadhi jibu.

Na tafadhali, badilisha rangi ya $D020, yaani ya ukingo wa skrini, kabla ya kuhamisha na uirudishe baada ya kumaliza. Unene wa mchirizi pembeni mwa skrini ndio muda unaotumia; ukiona nusu ya kwanza inavuka mstari wa 251, punguza kazi.