Nauza programu ya chesi, injini ndani ni ya bure ya watu wengine, je pesa yake ni halali?

SWALI: Asalaam aleikum sheikh. Mimi natengeneza programu, kazi ilikatika na nina familia inanitegemea. Mimi na mwenzangu tumetengeneza apu ya chesi, ndani tumeweka Stockfish ile injini ya bure, yaani programu inayofikiri na kuchagua hatua za mchezo, tukabadilisha jina na logo tukaandika tumeiunda wenyewe, watu wamenunua. Roho inanisuta. Mwenzangu anasema kitu kikishaachwa wazi kwenye intaneti hakina mwenyewe, na kuna ustadhi kamwambia Waislamu ni washirika katika maji, majani na moto na msimbo ni hivyohivyo, tena mali isiyoshikika haiibiki. Je hii pesa ni haramu? Nifanyeje?

JIBU: Waaleikumu salaam ndugu yangu. Kukatikiwa na kazi huku watoto wanakuangalia ni mtihani mzito, Allah akufungulie. Swali lako nimeona nilijibu haraka maana hayo maneno ya huyo ustadhi nayasikia kwa vijana wengi saivi, na yanaharibu.

Habari ya sataranji, yaani chesi yenyewe, siingii leo, wapo walioiharamisha na Imam Shafii kaiona ni makuruhi, na ikiwa na kamari hakuna anayebisha.

Nikutoe hofu kwanza, kuuza kwenyewe siyo dhambi. Stockfish iko chini ya leseni ya GPL toleo la 3, yaani ruhusa ya kutumia programu huria kwa masharti, na leseni hiyo inaruhusu kabisa kuuza, kwa bei unayotaka wewe. Wanaosema eti ulichopewa bure ni haramu kukiuza nao wamezidisha. Ila wenyewe wameweka masharti: ukimpa mtu programu umpe na msimbo wake pamoja na ulichobadilisha, au umwoneshe pa kuupata, uache majina ya wenye haki palepale, useme kwamba umebadilisha, na mnunuzi awe na ruhusa zilezile ulizopewa wewe. Basi.

Sasa huyo ustadhi. Hadithi ya maji, majani na moto ni ya Abu Daud na maana yake tunaijua, ni vitu Allah kaviumba hakuna aliyevitolea jasho, ndo maana mafakihi wakasema maji ukishayateka kwenye chombo chako ni yako na unaweza kuyauza. Je Stockfish iliota porini? Ilianza 2008 pale Marco Costalba alipochukua injini ya Glaurung ya Tord Romstad akaiendeleza, na tangu hapo mamia ya watu wametia mikono yao, mtu anakesha kujaribu mstari mmoja wa msimbo kwenye maelfu ya mechi ndo ukubaliwe. Kitu hicho ndo unasema hakina mwenyewe? Na hilo la mali isiyoshikika, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la wanavyuoni wa fiqhi, walishakaa Kuwait mwaka 1988 wakapitisha kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa kisheria na haijuzu kuzivamia. Mtu anayetoa fatwa za kompyuta angalau hilo alijue.

Halafu kuacha wazi siyo kutupa. Sayyidna Uthman radhiyallahu anhu alinunua kisima cha Ruma akakifanya wakfu, kila mtu akanywa bure, lakini hakuna aliyesema basi sasa ni changu nakizungushia ukuta. Wanavyuoni wetu wanasema sharti la mweka wakfu ni kama nassi, yaani kama andiko la sheria. Leseni ya GPL kwangu mimi iko karibu sana na hapo, na hata usipokubali kwamba ni wakfu basi ni mkataba, na Allah kasema mwanzo wa Suratul Maida tutimize mikataba, hakusema mikataba ya Waislamu tu, kwa hiyo hoja ya kwamba wenyewe siyo wa dini yetu usije ukaniletea.

Hata kubadili jina sikulaumu, maana Glaurung yenyewe ilibadilishwa jina ikawa Stockfish, ila walisema wazi imetoka wapi. Kosa lenu ni kuficha. Wewe unajua ukiandika uci, amri ya lugha ya UCI ambayo programu za chesi huongea nayo na injini, injini inajitaja jina na watunzi wake: id name Stockfish, halafu id author the Stockfish developers. Mstari huo haukujifuta, kuna mtu alikaa akaufuta akaandika jina lake. Mwanamke mmoja alimuuliza Mtume swalla Allahu alayhi wasallam kama kuna ubaya akimwonesha mke mwenzie kwamba mume kampa kitu ambacho hajampa, akajibiwa anayejionesha kwa asichopewa ni kama aliyevaa nguo mbili za uongo. Iko Bukhari na Muslim. Na usidhani ni nyie tu, kampuni ya ChessBase ya Ujerumani ilishtakiwa na watu wa Stockfish mwaka 2021 kwa mambo ya leseni hii hii, wakapatana Novemba 2022 na kampuni ikakubali kusimamisha kwa mwaka mzima kuuza bidhaa zenye Stockfish ndani.

Kwa hiyo pesa yako: jasho lako la kutengeneza muonekano, mafunzo na vitu vingine vyako ni halali, kilichochafua ni uongo na kuvunja sharti. Simamisha mauzo leo. Rudisha majina, weka msimbo mahali mnunuzi anaupata, uandike mlichobadilisha. Waandikie walionunua uwaambie ukweli, anayetaka pesa yake mrudishie maana mwenye kudanganywa ana khiyari ya kuvunja au kuendeleza mauzo, kama huna kwa sasa ni deni lipa kidogokidogo, anayeridhika imebaki halali yako. GPL toleo la 3 yenyewe ina mlango, ukiacha kuvunja masharti na wenye haki wasipokulalamikia ndani ya siku 60 ruhusa yako inarudi moja kwa moja. Mbeleni fanyeni kama wengi wanavyofanya, injini ibaki programu yake pembeni mnaongea nayo kwa UCI, apu yenu mnauza kwa jina lenu bila kumdhulumu mtu.

Mwenzako mweleze kwa upole, mpe na wiki mbili tatu afikirie. Akikataa toka kwenye ushirika huo kwa maandishi ili jina lako lisibaki kwenye mauzo mapya, na kama unaweza kujenga apu ya pili peke yako kwa njia niliyokuambia anza nayo mapema kabla akiba haijaisha. Wallahu aalam.